Bambo na gunia: mwongozo kamili wa kuelewa kosa la sampuli kwenye tafiti na kura za maoni

Shangazi yangu ana kibanda cha chakula mtaa wa Kariobangi, Nairobi, na kila baada ya wiki mbili huteremka Nyamakima, katikati ya jiji, kununua maharagwe kwa gunia. Siku ya kwanza niliyoandamana naye, muuzaji alifungua mdomo wa gunia amwonyeshe rosecoco safi zinazong'aa. Shangazi hakuzitazama. Akasema, "Mzee wangu, hizo za juu umewapangia wageni. Nipe bambo." Mzee akacheka, akampa kile chuma chenye ncha na mfereji katikati. Shangazi akachoma ubavuni, chini karibu na sakafu, akachoma katikati, akazunguka akachoma upande wa ukutani. Kila alipochomoa, punje kama thelathini zilimdondokea kiganjani. Akahesabu zenye matundu ya fukusi: tisa kati ya tisini. Akatikisa kichwa, tukaenda duka la pili.

Gunia la kilo 90 lina punje zaidi ya laki moja. Shangazi alilihukumu kwa punje tisini, na kazi hiyo ndiyo inayofanywa na kila anayetangaza redioni kwamba "asilimia 46 ya Wakenya wanaunga mkono" hiki au kile. Maswali ya kumuuliza yeye na kuwauliza wao ni mawili tu. La kwanza: bambo lilichomwa wapi? La pili: zilitoka punje ngapi? Kosa la sampuli linajibu swali la pili peke yake. Watu wengi wanaoliona likiandikwa hudhani linajibu yote mawili, na hapo ndipo tunapopotea.

## Kwanza tuondoe tatizo la neno "kosa"

Kwa Kiswahili kosa ni jambo ambalo mtu amelitenda: amekosea, ana hatia, aombe radhi. Kwa hiyo gazeti likiandika "kiwango cha makosa ni asilimia 3", msomaji huelewa kwamba watafiti wanakiri walikosea mahali. Nimeusikia ubishi huo kwenye matatu zaidi ya mara moja: "Wenyewe wamesema wana makosa!"

Kosa la sampuli si hilo. Hakuna aliyekosea. Ni ile tofauti kati ya jibu la wachache uliowauliza na jibu ambalo ungelipata kama ungewauliza wote, tofauti inayoletwa na bahati ya nani aliangukia ndani ya sampuli na nani alibaki nje. Mhoji akiwa mwaminifu, swali likiwa safi na orodha ikiwa kamili, tofauti hiyo bado ipo. Huwezi kuifuta mpaka uhesabu gunia zima, punje moja moja. Unachoweza ni kuipima, na kupimika huko ndiko kunakoifanya iwe na faida.

## Hatua ya kwanza: ione kwa macho yako kabla ya kuigusa hesabu

Nakuomba usiruke hapa. Nimewafundisha vijana kadhaa kanuni hii, na walioanza na hesabu waliikariri wakaisahau. Walioanza na sufuria hawakuisahau.

Nunua maharagwe mekundu robo kilo na meupe nusu kilo. Hesabu mekundu 400 na meupe 600, uyatie kwenye sufuria kubwa uyakoroge vizuri. Sasa unaujua ukweli wa sufuria: asilimia 40 ni mekundu. Funga macho, toa punje 50, hesabu nyekundu, andika, rudisha zote, koroga, toa tena. Fanya hivyo mara ishirini. Huchukua kama saa moja ukiwa na mtu wa kukuandikia.

Mimi nilipata hivi: 20, 17, 23, 19, 25, 21, 16, 20, 22, 18, 24, 19, 13, 21, 20, 23, 17, 22, 26, 18.

Itazame safu hiyo polepole. Jibu sahihi kwa punje 50 ni nyekundu 20, na nimelipata mara tatu tu kati ya ishirini. Mara kumi na saba sufuria ilinipa namba nyingine, na hakuna aliyedanganya. Lakini namba zenyewe hazikutapakaa ovyo. Nyingi zimejazana kati ya 17 na 23, chache zimefika 25 au 26, moja imeanguka hadi 13. Ukizichora kwa vitone juu ya mstari, zinarundikana katikati na kupungua pande zote mbili, kama kengele iliyofunikwa. Ukijumlisha zote na kugawanya kwa ishirini unapata 20.2. Bahati inavuta huku na kule, na kwa jumla haina upande.

Shika maneno hayo mawili ya mwisho, haina upande. Tutayahitaji tukifika kwenye uchaguzi.

## Hatua ya pili: hesabu

Kikokotoo cha simu kinatosha, ila kiwe na alama ya kipeuo cha pili. Tuchukue sufuria ileile.

Uwiano wa nyekundu ni 0.40. Kilichobaki ni 0.60. Zidisha: 0.24.
Gawanya kwa ukubwa wa sampuli, 50: unapata 0.0048.
Tafuta kipeuo cha pili: 0.069. Hili huitwa kosa sanifu.
Zidisha kwa 1.96: takriban 0.136, yaani pointi 13.6 za asilimia. Hili ndilo kosa la sampuli linalotangazwa kwenye habari.

Maana yake, sampuli za punje 50 kutoka sufuria hii zitaanguka kati ya asilimia 26.4 na 53.6 karibu mara 95 kati ya 100. Kwa punje ni kati ya 13.2 na 26.8. Rudi kwenye safu yangu: ni 13 peke yake iliyotoka nje ya mipaka, moja kati ya ishirini. Ukijaribu wewe unaweza kupata mbili nje, au usipate hata moja.

Hiyo 1.96 haikutoka hewani. Katika ile kengele, asilimia 95 ya eneo lote iko ndani ya umbali wa kosa sanifu 1.96 kila upande kutoka katikati. Ukitaka uhakika wa asilimia 99 unatumia 2.58, na mipaka inapanuka.

Sasa geuza mambo, maana katika maisha hatuujui ukweli wa sufuria. Tuna kiganja kimoja tu cha punje. Tunachukua uwiano tuliopata, tunahesabu kwa njia ileile, tunaweka mipaka kuzunguka jibu letu. Njia hii ya kufikiri iliwekewa msingi na Jerzy Neyman, mwanahisabati aliyezaliwa katika familia ya Kipolandi, katika miaka ya 1930. Ahadi yake inahusu njia yenyewe: ukiitumia mara 100, kama mara 95 mipaka yako itaukamata ukweli. Haikuambii kama mara hii ya leo ni moja ya zile 95 au moja ya zile tano. Mwenye kutoa 13 kwenye sufuria yangu alikuwa mwaminifu sawa na wengine.

Turudi Nyamakima. Punje tisa kati ya tisini ni asilimia 10. Hesabu: 0.1 mara 0.9 ni 0.09, gawanya kwa 90 ni 0.001, kipeuo cha pili ni 0.0316, mara 1.96 ni pointi 6.2. Kwa hiyo gunia lile huenda lilikuwa na fukusi kati ya asilimia 4 na 16. Hesabu hii huchukulia kila punje ilitoka peke yake kwa nasibu. Bambo hutoa punje zilizokaa pamoja, na fukusi nao hukaa pamoja, kwa hiyo mipaka ya kweli ni mipana kuliko hiyo. Lakini uamuzi wa shangazi haukuhitaji zaidi. Yeye hanunui gunia likipita asilimia 5, na upande mkubwa wa ile mipaka ulikuwa juu ya hapo.

## Ukubwa wa sampuli na ukubwa wa gunia

Kwa uwiano wa nusu kwa nusu, ambapo kosa huwa kubwa kuliko popote, na kwa uhakika wa asilimia 95:

Watu 100: pointi 9.8
Watu 400: pointi 4.9
Watu 1,000: pointi 3.1
Watu 2,000: pointi 2.2
Watu 10,000: pointi 1.0

Kutoka 100 hadi 400 umezidisha watu mara nne na kosa limepungua nusu tu. Ndivyo kipeuo cha pili kinavyotoza. Kutoka 1,000 hadi 2,000 unalipa wahoji mara mbili ili upunguze chini ya pointi moja. Ndiyo sababu kura nyingi za maoni huishia watu elfu moja hadi elfu mbili na kitu: baada ya hapo kila shilingi inanunua kidogo sana.

Sasa lile swali linaloulizwa kila mara, kwa hasira kabisa: watu 1,500 watawasemeaje Wakenya zaidi ya milioni 47? Itazame ile hesabu tena. Umeona mahali pa kuandika ukubwa wa nchi? Hapapo. Bambo linalotoa punje tisini halijali kama gunia ni la kilo 90 au ghala zima, mradi punje zilichanganyika na kila moja ina nafasi sawa ya kutoka.

Kuna marekebisho yanayohusu ukubwa wa kundi: unazidisha kosa kwa kipeuo cha pili cha (kundi zima toa sampuli) gawanya kwa (kundi zima toa moja). Sensa ya 2019 iliihesabu Nairobi watu 4,397,073. Ukihoji 1,000, marekebisho hayo ni 0.9999. Hayabadilishi kitu. Yanaanza kuwa na maana sampuli inapopita kama asilimia 5 ya kundi lote, mfano kwenye shule, chama cha akiba au mtaa mmoja. Tutayatumia hapo chini.

## Hatua ya tatu: kuisoma kura ya maoni kwenye habari

Kenya ina sheria ya mwaka 2012 kuhusu kuchapisha kura za maoni za uchaguzi. Inamtaka anayechapisha aseme nani alifadhili, nani aliendesha, lini, watu wangapi walifikiwa na kiwango cha makosa ni kipi, na inakataza kuchapisha siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo namba hizo zipo. Kama redio imezikatia nje, zitafute kwenye ripoti yenyewe kabla hujaisambaza habari.

Ukishazipata, angalia pengo kati ya wawili. Tuseme A ana 46, B ana 42, waliohojiwa ni 1,000, kosa ni pointi 3.1. Wengi husema: pengo ni 4, linazidi 3.1, basi A anaongoza. Sivyo. Ile 3.1 ni ya namba moja ikisimama peke yake. Pengo lina kosa lake, kubwa zaidi, kwa sababu bahati ikimpunguzia A mara nyingi inamwongezea B. Hesabu: jumlisha 0.46 na 0.42, upate 0.88; toa pengo likizidishwa kwa lenyewe (0.04 mara 0.04 ni 0.0016), ubaki na 0.8784, gawanya kwa 1,000, kipeuo cha pili, mara 1.96. Inatoka pointi 5.8. Pengo la 4 lenye kosa la 5.8 linaweza kuwa karibu 10 kwa A, au hata B yuko mbele kidogo. Ukikosa kikokotoo, lizidishe kosa lililotangazwa kwa mbili. Utakuwa karibu sana.

Angalia pia mabadiliko ya mwezi hadi mwezi. "Umaarufu washuka kutoka 46 hadi 43" ni kichwa cha habari kizuri. Kila kura ina kosa la 3.1, kosa la tofauti yao ni kipeuo cha pili cha 3.1 mara 3.1 jumlisha 3.1 mara 3.1, yaani 4.4. Kushuka kwa pointi 3 kunaweza kuwa sufuria ileile iliyokorogwa mara mbili. Zikishuka miezi minne mfululizo, hapo kuna jambo la kuzungumzia.

Kisha kuna vipande, na hapa mimi huwa mkali kwa sababu madhara yake nimeyaona. Kura ya taifa ina watu 2,000, kosa pointi 2.2. Ripoti inaendelea: "Nairobi, wengi wanamtaka fulani." Sampuli ikigawanywa kwa uwiano wa sensa, Nairobi inapata kama asilimia 9, watu 185 hivi. Kosa la watu 185 ni pointi 7.2. Ukiwachukua vijana wa Nairobi peke yao, huenda wamebaki 50, na kosa linakaribia pointi 14: ni ile sufuria yangu ya punje 50. Lakini kwenye gazeti namba zote tatu huchapishwa kwa maandishi ya ukubwa uleule, zote chini ya ile 2.2. Ukikuta jedwali la kaunti au umri, tafuta idadi ya waliohojiwa kwenye kila safu. Isipokuwepo, usiitumie hiyo namba kwa lolote.

Wanaotaka kweli kuzisemea kaunti hulazimika kukuza sampuli. Utafiti wa idadi ya watu na afya wa 2022, ulioongozwa na shirika la taifa la takwimu, KNBS, ulipanga nyumba 42,300 katika maeneo madogo 1,692, yanayoitwa klasta. Gawanya kwa kaunti 47: ni wastani wa nyumba 900 kwa kaunti. Ukubwa huo haukuwekwa kwa ajili ya wastani wa Kenya nzima. Huo ungepatikana kwa nyumba chache zaidi. Uliwekwa ili Turkana na Nairobi kila moja iwe na sauti yake. Na mwishoni mwa ripoti za tafiti za aina hiyo kuna majedwali ya kosa la sampuli kwa kila kipimo. Yafungue siku moja. Ni kurasa ambazo watu huzipita.

## Majirani wanaofanana

Neno klasta linahitaji maelezo kidogo. Hakuna anayeweza kutuma wahoji kwenye nyumba 42,300 zilizotapakaa moja moja nchi nzima. Nauli peke yake ingemaliza bajeti. Kwa hiyo maeneo madogo huchaguliwa kwanza, kisha nyumba 25 ndani ya kila eneo. Bei yake ni kwamba majirani hufanana. Ukimuuliza mpangaji wa ghorofa moja mtaa wa Pipeline, Nairobi, kama maji ya mfereji yalifika wiki hii, umeshalijua jibu la orofa nzima. Wapangaji 25 wa jengo moja hawakupi habari za watu 25.

Wataalamu hupima hasara hiyo kwa hesabu fupi: 1 jumlisha (idadi kwa klasta toa 1) mara kiwango cha kufanana. Kufanana kukiwa 0.05, ambacho ni kidogo tu, na nyumba 25 kwa klasta, unapata 1 jumlisha 24 mara 0.05, yaani 2.2. Sampuli ya watu 1,000 inakuwa na nguvu ya watu 455, na kosa linapanda kutoka 3.1 hadi 4.6. Kura za maoni nyingi hutangaza ile 3.1 ya sampuli nasibu ya moja kwa moja hata kama walihoji kwa makundi. Ukiona wahoji walikwenda vijijini au mitaani kwa makundi, ongeza kichwani mwako.

## Ambacho kosa la sampuli halikuambii

Mwaka 1936, kabla ya uchaguzi wa rais, jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura kwa watu milioni 10 na zaidi ya milioni 2 zikarudi. Ukihesabu kosa la sampuli kwa watu milioni 2 unapata pointi 0.07. Likatangaza mgombea Alf Landon angepata asilimia 57. Alipata chini ya 37, na mpinzani wake, Rais Franklin Roosevelt, akachukua majimbo 46 kati ya 48. Anwani nyingi zilitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika nchi iliyokuwa imekumbwa na umaskini mkubwa. Na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa sawa na waliozitupa. George Gallup, mwendeshaji wa kura za maoni, kwa sampuli ndogo mno ukilinganisha, alisema Roosevelt angeshinda. Punje milioni mbili kutoka juu ya gunia ni za juu ya gunia tu.

Hapa kwetu, kura nyingi za maoni zilizotoka wiki za mwisho kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 zilimweka Raila Odinga mbele. Matokeo yaliyotangazwa tarehe 15 yalimpa William Ruto asilimia 50.49 na Odinga 48.85. Baadhi ya mapengo yalikuwa ndani ya kosa la sampuli, na hiyo ni haki kuisema. Lakini kumbuka sufuria: bahati haina upande. Kura za maoni kadhaa za watu tofauti zikielemea upande mmoja zote, usitafute sababu kwenye bahati. Tafuta kwenye bambo: nani hakupokea simu, nani alikataa kujibu, nani alisema hajaamua ilhali ameamua, nani kati ya waliojibu hakwenda kupiga kura. Hakuna kati ya hayo lililomo ndani ya ile 3 au 2.2.

Mimi mwenyewe nilifanya kazi ya kuhoji kwa miezi michache, Embakasi, kwa kampuni moja ya utafiti. Swali kuu lilikuwa nauli ya kwenda kazini. Maagizo yaliandikwa vizuri: ukikuta mlango umefungwa, rudi jioni, kisha rudi Jumamosi. Lakini tulilipwa kwa fomu, na msimamizi akatuambia mlango ukifungwa tuhamie wa jirani. Tukazunguka saa nne asubuhi. Tuliowakuta ni kina mama wenye watoto wachanga, wafanyakazi wa nyumbani, walinzi wa zamu ya usiku waliotoka usingizini. Waliotoka saa kumi na moja alfajiri kupanga foleni ya matatu, wale ambao swali liliwahusu hasa, hatukuwagusa. Ripoti ilipotoka kosa la sampuli lilikuwa dogo, na kwa hesabu lilikuwa sahihi, kwa sababu fomu zilikuwa nyingi. Nauli iliyoandikwa humo haikuwa ya mtaa ule. Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililonifanya nianze kuwaeleza watu mambo haya.

## Hatua ya nne: fanya utafiti wako mwenyewe

Tuseme kamati ya mtaa wenu inataka kujua ni nyumba ngapi zilinunua maji ya mtungi wiki iliyopita, ili mpeleke malalamiko yenye uzito. Mtaa una milango 1,200.

Anza na orodha, na hapa tumia nusu ya nguvu zako zote. Kundi la WhatsApp la wakazi si orodha. Ni wale waliojiunga, na mara nyingi mpangaji wa chumba cha nyuma hayumo. Zungukeni kwa miguu, ploti kwa ploti, mwandike milango: ya mbele, ya nyuma, vyumba vya mabati juu ya paa. Majina hayahitajiki, namba zinatosha.

Kisha amueni kosa mnaloweza kuvumilia. Mkisema pointi 7: gawanya 1.96 kwa 0.07, upate 28, 28 mara 28 ni 784, mara 0.25 ni 196. Mnahitaji majibu kama 200. Wengine watakataa au hawatapatikana, kwa hiyo chagueni milango 240. 1,200 gawanya kwa 240 ni 5: mtachukua kila mlango wa tano. Andikeni namba 1 hadi 5 kwenye vikaratasi, mtoto aokote kimoja. Akiokota 3, mnaanza mlango wa 3, kisha 8, 13, na kuendelea.

Tahadhari moja. Kama ghorofa zenu zina milango mitano kila orofa, kila mlango wa tano utakuwa ule ule kila orofa, labda wa pembeni wenye vyumba viwili na mpangaji mwenye uwezo zaidi. Hapo achana na kuruka; ziandike namba zote 1,200 kwenye Excel, ipe kila moja namba nasibu, panga, chukua 240 za juu.

Mlango uliochaguliwa ndio mlango. Ukifungwa rudini jioni, na Jumapili baada ya ibada. Msihamie kwa jirani hata akiwaita kwa chai.

Mwisho, hesabu. Milango 200 ilijibu, 76 ilinunua maji. 76 kwa 200 ni 0.38. Mara 0.62 ni 0.2356, gawanya kwa 200 ni 0.001178, kipeuo cha pili ni 0.0343, mara 1.96 ni pointi 6.7. Mmehoji moja ya sita ya mtaa mzima, kwa hiyo marekebisho yana maana: 1,000 gawanya kwa 1,199, kipeuo cha pili, ni 0.913. Kosa linashuka hadi pointi 6.1.

Ile milango 40 isiyojibu msiifiche. Kama yote ilinunua maji, jibu la sampuli lingekuwa 116 kwa 240, asilimia 48. Kama hakuna hata mmoja ulionunua, 76 kwa 240, asilimia 32. Hilo ndilo pengo ambalo hakuna kanuni inayolipima. Linapunguzwa kwa miguu tu, kwa kurudi.

Na barua ya kupeleka kwa afisa wa maji iandikwe hivi:

"Tuliorodhesha milango 1,200, tukachagua 240 kwa nasibu, tukajibiwa na 200. Nyumba 76, yaani asilimia 38, zilinunua maji ya mtungi wiki iliyopita. Kwa uhakika wa asilimia 95, mtaa mzima uko kati ya asilimia 32 na 44, ambayo ni nyumba 380 hadi 530. Milango 40 tuliiendea mara tatu bila kupata jibu, nayo haimo kwenye hesabu hii."